Upepo wa Ubavuni

Walimwita Tela. Jina hilo walimpa Jumapili ya pili tu tangu ajiunge na kikundi, na likamkaa vizuri, maana siku za kazi alikuwa dereva wa lori lenye tela, na Jumapili, juu ya baiskeli, alikuwa yeye wa kukokotwa nyuma ya wenzake. Hakulichukia. Mtu wa miaka arobaini na saba, mwenye kitambi, anayewafukuzia watu wenye miguu kama nondo, bora acheke pamoja na wanaomcheka.

Kilichompandisha baiskeli ni presha. Daktari alimwambia apunguze kilo kumi na mbili au ajiandae kumeza vidonge maisha yake yote. Aliposimulia hilo nyumbani wakati wa chakula, shemeji yake, mdogo wa mke wake, akadakia pale pale mezani: "Sasa mimi niko wapi, shemeji? Njoo Jumapili." Shemeji huyo alikuwa mfamasia, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha, na kwenye kikundi kila mtu alimwita Nahodha. Alichosema ndicho kilichofanyika. Binti yake Tela, aliyekuwa mwaka wa kwanza chuoni, alikuja naye siku ya kwanza kumwangalia baba asije akaanguka, akaishia kuipenda baiskeli kuliko baba mwenyewe.

Jumapili hiyo walikutana kama kawaida kwenye kituo cha mafuta mwisho wa mji. Walikuwa watano: Nahodha, fundi umeme asiyependa maneno, kinyozi aliyeongea kwa niaba yake na ya fundi umeme, binti, na Tela. Tela alikuwa anajaza upepo tairi la nyuma alipoliona bango la kitambaa juu ya pampu. Lilikuwa limevimba na kuvutika upande mmoja, kamba zake zikilia.

"Shemeji," alisema, "ule upepo unauona?"

Nahodha alitazama mara moja. "Nauona."

"Kule kwenye tuta utakuwa mara mbili yake. Tena unatupiga ubavuni. Siku kama hii mimi na lori langu huwa natembea mdogo mdogo."

"Lori lako ni ukuta, shemeji. Sisi ni sindano." Kinyozi alicheka. Nahodha akavaa glavu zake. "Zimebaki wiki tatu tufanye ile safari ya kilomita mia. Siku ile hatutachagua hali ya hewa. Leo tunajifunza kukaa mshazari. Tukishikamana, upepo hautufanyi kitu."

Tela alitaka kuongeza neno. Yeye ni nani? Miezi minne tu kwenye baiskeli, tena wa mwisho kila Jumapili. Alifunga mkanda wa kofia, akamtazama binti yake akikagua breki, wakaondoka.

Kilomita kumi za kwanza zilikuwa raha. Maghala yaliwakinga upande wa kulia, na ishara zilipita vizuri kutoka mbele hadi nyuma: kidole chini, "Shimo!", mkono mgongoni, "Gari limesimama!" Kutoka nyuma kwenda mbele ilikuwa kazi ya Tela: "Gari nyuma!" Alikuwa na sauti nene ya kuitia watu uwanjani kwenye mizigo, na kazi hiyo aliipenda. Kisha ghala la mwisho likapita, barabara ikapanda juu ya tuta, na upepo ukawakuta.

Ulitoka kulia, ukikatiza uwanda mtupu usio na hata kichaka, ukivuka njia ya magari yanayokuja, ukawagonga ubavuni. Tela alihisi baiskeli ikisukumwa kushoto kama mtu aliyesukumwa na bega kwenye foleni.

"Mshazari!" Nahodha alipaza sauti.

Wakajipanga. Nahodha alisogea kulia, karibu na mstari wa katikati ya barabara. Kinyozi akakaa kushoto kwake, nyuma kidogo, gurudumu lake la mbele likiwa sambamba na la nyuma la Nahodha. Fundi umeme vivyo hivyo nyuma ya kinyozi, halafu binti. Kila mmoja alijificha ubavuni mwa mwenzake, na kweli, kwa wanne wale mambo yalikwenda. Ila njia ilikuwa nyembamba. Wa tano, yaani Tela, hakubakiwa na lami. Alikuwa juu ya ukingo kabisa, mahali ambapo lami imeliwa na kuachana na changarawe kwa kimo cha kiganja, na kushoto kwake tuta lilishuka hadi kwenye mtaro wa mawe.

Gari dogo lilipiga honi nyuma, likapita likiwasogelea. Jingine likapita. Halafu likaja basi.

"Basi nyuma!" Tela alipiga kelele. Upepo ulilichukua neno ukalitupa mtaroni. Hakuna aliyegeuka.

Basi lilipowafikia, upepo ulikatika ghafla, kama mtu aliyefunga mlango. Tela alishangaa kuona wenzake wote wanne wakiinama kulia kwa pamoja, kuelekea kwenye ubavu wa basi. Hakuna aliyegeuza usukani. Walikuwa wameuegemea upepo bila kujua, kama mtu anavyoegemea ukuta, na ukuta ukaondolewa. Binti yake aliyumba hadi bega lake likawa karibu na kioo cha dirisha. Kisha basi likapita, mlango ukafunguka tena, upepo ukawatupa kushoto. Gurudumu la binti liligusa la fundi umeme. Ukasikika mlio mdogo, *ziii*, wa raba kwa raba. Binti alitetereka, akajishika.

 Tela hakukijali tena kitambi chake wala pumzi zake. Alikuwa amelikumbuka jambo ambalo hakuwa amelifikiria kwa miaka minane.

Ilikuwa barabara nyingine, upepo kama huu. Alikuwa anarudi bila mzigo. Mbele yake kulikuwa na mtu juu ya baiskeli, kreti la mikate limefungwa nyuma. Tela alimpita kama alivyowapita mamia, na katika kioo cha pembeni akamwona yule mtu akilijia lori, kabisa, kama anayetaka kuligonga, kisha akarushwa upande wa pili na mikate ikatapakaa. Alimwona amelala. Halafu akamwona ameinuka, au alijiambia kwamba ameinuka. Tela hakusimamisha lori. Kwenye mgahawa wa madereva aliisimulia kama kichekesho: "Watu wa baiskeli wale wanajirusha wenyewe! Yule alikuwa amelewa asubuhi asubuhi." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Hakuwa amelewa. Sasa, akiwa juu ya baiskeli yake mwenyewe, Tela alilijua hilo kwa mwili mzima.

Alitoka kwenye ukingo. Ili amfikie Nahodha ilimpasa apite upande wa kulia, penye upepo wote, akiwa peke yake bila kinga. Alishika usukani chini, akainamisha kichwa, akakanyaga. Mapaja yaliwaka moto. Alimpita binti yake. "Baba, vipi?" Hakuwa na pumzi ya kujibu. Alimpita fundi umeme, akampita kinyozi, na alipofika bega kwa bega na Nahodha macho yalikuwa yanaona vitu viwili viwili.

"Vunja mstari," alisema akihema. "Mmoja mmoja. Tuachane."

"Shemeji, rudi nyuma! Umetoka kwenye njia!"

"Umeliona lile basi? Likipita linakata upepo, tunaangukia kwake. Magurudumu yameingiliana, hatuna pa kukosea. Akianguka mmoja tunaanguka wote."

"Tukiachana watachoka! Kona ya kurudi iko kilomita tatu tu!"

"Shemeji, nisikilize. Mimi kwenye baiskeli si kitu, najua. Lakini hayo magari nayajua. Mwanangu yuko pale nyuma."

Nahodha alimtupia jicho. Labda alitaka kubisha tena. Lakini Tela alikuwa amegeuza shingo, akitazama nyuma. Malori mawili, yakifuatana. Hata kwa mbali aliyatambua kwa mkao wake: yamekaa juu, yanarukaruka, maturubai yanapigapiga. Matupu. Lori tupu kwenye upepo wa ubavu halikai mahali pamoja. Linasogea nusu mita huku, nusu mita kule, na dereva anashughulika nalo mpaka viganja vinalowa.

"Malori mawili, matupu," alisema. "Yatatufikia sasa hivi. Wenzetu watakusikia wewe, si mimi. Toa amri!"

Nahodha aligeuka, akayaona. Akainua mkono.

"Mstari mmoja! Achianeni nafasi! Urefu wa baiskeli mbili! Mikono chini, viwiko vilegee!"

Fundi umeme alilipitisha neno, kwa mara ya kwanza siku hiyo akifungua kinywa. "Mstari mmoja!" Mshazari ukafumuka. Tela alipunguza mwendo, akawaacha wapite, na binti alipofika alimwambia, "Vunja mwendo kidogo. Mwachie kinyozi nafasi. Zaidi. Zaidi tena, mama." Fundi umeme alikuwa amejipenyeza nyuma ya Nahodha, kinyozi akawa wa tatu, binti wa nne. Tela akabaki nyuma. "Likipita, usilifuate. Utahisi linakuvuta. Wewe tazama mbele, kaa mwepesi."

"Sawa, baba."

"Usikaze mikono."

"Sijakaza!"

Alikuwa amekaza. Hata yeye alikuwa amekaza.

Lori la kwanza lilikuja na kivuli chake. Upepo ukakatika. Tela alihisi baiskeli ikidondokea kulia, akailegezea, ikarudi. Binti aliyumba, akajirudisha. Mbele, kinyozi hakuwahi. Aliangukia upande wa lori, akashtuka, akakata usukani kushoto kwa nguvu. Wakati huo huo mkia wa lori ukapita na upepo ukarudi na hasira zake zote, ukamsukuma huko huko alikokuwa anakwenda. Gurudumu lake la mbele lilidondoka nje ya lami. Alifanya ambacho karibu kila mtu angefanya: alilivuta lirudi. Ukingo wa lami ukalikamata. Baiskeli ikasimama, kinyozi hakusimama. Alipaa, akapiga bega chini, akateleza, akalala amekingama katikati ya njia.

Binti alibana breki zote mbili. Gurudumu la nyuma lilichora lami, akaenda, akaenda, akaangukia changarawe kwa kiwiko, hatua mbili tu kabla ya kumfikia kinyozi. Hizo hatua mbili ndizo zilizobaki katika ile nafasi aliyoambiwa aache.

Lori la kwanza halikusimama. Lilikwenda zake, turubai likipunga.

Tela hakumbuki aliitupaje baiskeli. Anakumbuka kwamba alikuwa amesimama njiani, ameupa mgongo mwili wa kinyozi na kilio cha binti yake, na lori la pili lilikuwa linakuja. Alivua koti lake la manjano. Kichwa chake kilikuwa kimetulia kwa namna iliyomtisha baadaye. Alijua mambo matatu. Dereva yule akibana breki zote, lori tupu litaruka na kuteleza, mkia utazunguka na kufagia njia nzima. Akienda moja kwa moja, amewaua wawili, watatu. Na upande wa kulia, njia ya wanaokuja, kulikuwa na gari moja dogo jeupe, mbali nyuma yake.

Angeweza kukimbia. Miguu yake ilimwambia hivyo waziwazi.

Akapunga koti juu na chini, mara mbili, ishara ya *punguza*. Kisha akanyoosha mkono mzima kuelekea kulia kwa dereva, akauchezesha kama anavyomwelekeza mwenzake anayerudi nyuma kwenye sehemu ya kushushia mizigo: kulia, kulia, kulia, njoo, njoo. Kwa mkono mwingine alilipungia koti lile gari jeupe. Simama. Simama hapo hapo.

Lori lilipiga honi ndefu. Aliona pua yake ikiinama, taa zikiwa kubwa. Kwa sekunde moja halikuelekea popote isipokuwa kwake. Kisha pua ikageuka. Polepole mno, ikageuka. Lori likavuka mstari, magurudumu ya kushoto yakapita hatua tatu kutoka alipolala kinyozi, upepo ukakatika, Tela akapepesuka kulielekea, akapiga goti chini makusudi ili asiingie chini ya magurudumu. Upepo uliporudi ulimng'oa koti mkononi. Lori lilirudi kwenye njia yake huko mbele, likasimama likitoa pumzi, *pshaaa*. Gari jeupe lilikuwa limesimama, taa zinawakawaka, mwenyewe ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Binti alikuwa ameketi kwenye changarawe, damu ikimchuruzika kutoka kwenye kiwiko. "Niko sawa," alisema. "Baba, mimi niko sawa. Mwangalie yeye."

Kinyozi alikuwa hai na macho wazi. "Bega," alinong'ona. "Tela, bega langu halipo."

"Lipo. Nalitazama. Usilisogeze."

Nahodha alikuja mbio akiburuta baiskeli, fundi umeme nyuma yake. Alipiga magoti kando ya kinyozi, akamuuliza jina lake, siku ya leo, anaumwa wapi tena, akamshika shingo isicheze. Sauti yake ilikuwa ya kazini, imara. Ila hakumtazama Tela usoni.

Dereva wa lori alifika anakimbia, kijana wa miaka thelathini hivi, midomo imekauka. Akafoka. "Nyinyi watu mna akili kweli? Mnajirusha barabarani! Nilikuwa naua mtu mimi! Mnajirusha!"

Tela alimwacha amalize. Alimshika mkono, naye hakuuvuta, ulikuwa baridi.

"Mimi pia ni dereva," alisema. "Miaka ishirini na mbili. Hayo maneno nimeyasema mimi, tena nikicheka. Hatujirushi, mdogo wangu. Ukitupita kwenye upepo huu, lori lako linatukata upepo tuliokuwa tunauegemea. Inakuwa kama umemwondolea mtu kiti." Akauachia ule mkono. "Kuna mmoja nilimwangusha hivyo. Nilimwona kwenye kioo. Sikusimama, na mpaka leo sijui iliishaje. Wewe umesimama."

Kijana alijifuta uso kwa mkono wa shati. Kisha akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Nilikuona unaniita kulia. Nikajiambia, huyu anajua anachofanya."

"Asante kwa kuniamini."

Kijana aliweka pembetatu ya tahadhari nyuma, akarudisha lori taratibu hadi likawakinga upepo. Ndani ya kinga hiyo waliweza kusikilizana bila kupiga kelele, na ukimya wake ulikuwa wa ajabu. Mwenye gari jeupe aliwachukua kinyozi na Nahodha kwenda hospitali. Wengine watatu walishuka upande wa pili wa tuta, wakatembea kwa miguu, baiskeli mkononi, kwenye njia ya vumbi iliyorudi mjini.

Mfupa wa mtulinga wa kinyozi, ule wa kati ya shingo na bega, ulikuwa umevunjika vipande viwili. Wiki sita asishike mkasi, madaktari walisema. Alipotumiwa ujumbe wa pole alijibu kwamba wateja wake wote watafuga nywele kwa heshima yake, kwa hiyo wakajua kwamba atapona.

Mchana Nahodha alikuja nyumbani kwa dada yake. Hakubisha hodi kwa kelele kama ilivyo desturi yake. Mke wa Tela alikuwa jikoni, amemkalisha binti kwenye kiti, anamtoa mchanga kwenye kiwiko kwa pamba na maji ya moto. Tela, aliyeketi pembeni, alikuwa amemwambia nusu tu ya habari, ile nusu nyepesi.

"Dada," Nahodha alisema akiwa bado mlangoni. "Shemeji aliniambia. Mara mbili. Kituoni aliniambia, na barabarani akanifuata mpaka mbele. Mimi ndiye niliyekataa."

Pamba ilisimama. "Ulikataa nini?"

Nahodha alieleza yote: upepo, basi, malori, mtu aliyelala njiani na mtu aliyesimama mbele yake na koti. Hakujitetea. Dada yake alimsikiliza bila kupepesa macho, na simulizi ilipofika kwenye koti, aliiweka pamba mezani na kumgeukia mumewe kana kwamba amemwona leo.

"Hukuniambia hilo."

"Nilikuwa nakuja kukuambia."

"Lini?"

 Mke wa Tela alimgeukia mdogo wake, na yaliyomtoka hayafai kuandikwa yote. Alimwambia kwamba tangu utotoni yeye ni wa kutaka kuwa mbele, kwamba mbele anaijua ila nyuma haitazami, kwamba mtoto yule ni wao wote wawili, dada mtu na mdogo mtu. Nahodha alisimama akapokea, machozi yanamtoka bila sauti. Binti akasema, "Mama, basi. Mama mdogo ndiye aliyetoa amri. Kama asingetoa, mimi nisingekuwa na nafasi ya kusimama."

"Wewe nyamaza, leta huo mkono," mama alisema. Lakini alivuta kiti kingine kwa mguu, akamsukumia mdogo wake. "Kaa. Umekula?"

Tela aliwaacha. Alitoka uani na ndoo na kitambaa, akaigeuza baiskeli ya binti juu chini, aanze kuiosha damu kwenye usukani. Ilikuwa kidogo tu, imeshakauka. Alifuta mara moja, mara mbili. Ndipo mikono ikaanza kumtetemeka. Ilianzia kwenye vidole, ikapanda, mpaka kitambaa kikamdondoka na ikabidi aketi kwenye kizingiti na kuifunga mikono kwapani.

Mlango ulifunguka nyuma yake. Nahodha alitoka, macho mekundu, akamtazama. Alikiokota kitambaa, akakichovya ndooni, akakikamua. Akachuchumaa kando ya baiskeli, akaendelea kuosha pale alipoachia yeye.